Takwimu za Kampuni za Benki ya Dunia: Zinasema Nini Kuhusu Umiliki wa Nje, Uuzaji Nje na Tija ya Viwanda vya Uganda?

Kila msimu wa bajeti hapa Uganda hurudiwa hoja mbili ambazo ni wachache wanaozidai ushahidi: kwamba mwekezaji kutoka nje huja na tija, na kwamba kiwanda kinachouza bidhaa nje ya nchi hujifunza huko na kuwa bora kuliko kilivyokuwa. Sheria ya kodi ya mapato imeziamini hoja hizo kiasi cha kumsamehe kodi kwa miaka 10 mzalishaji wa bidhaa zilizokamilika anayeuza nje angalau asilimia 80 ya anachozalisha. Anayetaka kuzipima mwenyewe bila kutegemea hotuba anacho chombo kimoja kikubwa cha bure, nacho ni hifadhi ya takwimu za utafiti wa kampuni wa Benki ya Dunia, ujulikanao kwa jina la Enterprise Surveys. Ninaitathmini hapa kama huduma nyingine yoyote ile: inatoa nini, inatumikaje, na inaweza kuaminiwa kwa kiasi gani pale mtu anapouliza kama umiliki wa nje na uuzaji nje ndivyo vinavyoleta tija. Maoni yangu ni kwamba huduma hii ni nzuri sana kwa kuonyesha tofauti kati ya kampuni na kampuni, na ni dhaifu kwa kueleza tofauti hiyo imetoka wapi. Tena sehemu kubwa ya udhaifu huo inatokana na namna biashara ya Uganda yenyewe ilivyo, wala si uzembe wa waliotunga hojaji.

Kwa Uganda natumia duru mbili. Ya mwaka 2006 ilihoji kampuni 563, na ya mwaka 2013 ikahoji 762. Wanaohojiwa ni wamiliki au mameneja wakuu, ana kwa ana, kwa hojaji ambayo kwa sehemu kubwa inafanana na ile inayotumika Kenya, Tanzania, Rwanda na kwingineko, hivyo kiwanda cha sabuni cha Jinja kinaweza kulinganishwa na cha Nakuru au Mwanza kwa maswali yaleyale. Kampuni huchaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya mafungu ya sekta, ukubwa na mji. Ndogo ni zile zenye wafanyakazi 5 hadi 19, za kati ni 20 hadi 99, na kubwa ni 100 kwenda juu. Zilizo chini ya wafanyakazi 5 hazimo, zisizosajiliwa hazimo, na kilimo, madini na benki havimo kabisa. Mtu akumbuke hilo tangu mwanzo, kwa sababu sensa ya biashara iliyofanywa na UBOS, yaani Ofisi ya Takwimu ya Uganda, mwaka 2010/11 ilihesabu biashara 458,106 nchini, nyingi mno kati yake zikiwa ndogo kuliko kipimo hicho cha chini. Hifadhi hii basi inasimulia habari za tabaka la juu la biashara za Uganda, na kwa swali letu hilo si kosa, maana mwekezaji wa nje na muuzaji nje hupatikana zaidi katika tabaka hilohilo.

Kuingia ni rahisi. Unajisajili, unakubali masharti ya kutojaribu kuzitambua kampuni zilizohojiwa, kisha unapakua mafaili bila malipo. Mafaili yamewekwa kwa muundo wa Stata, programu ambayo leseni yake si ya bei ya mwanafunzi wa kawaida wa Makerere au Kyambogo, lakini programu ya R, ambayo ni ya bure, inayasoma vizuri. Maswali yote yamefupishwa kuwa herufi na namba: d2 ni mauzo ya mwaka, l1 ni idadi ya wafanyakazi wa kudumu, b2b ni asilimia ya umiliki wa watu au kampuni za nje, d3c ni asilimia ya mauzo yanayokwenda nje moja kwa moja, na n7a ni gharama ya kununua upya mashine za kiwanda kama zilivyo. Asiyekuwa na hojaji mkononi atapotea mara moja. Mtego ulio mbaya zaidi ni kwamba meneja aliyejibu kuwa hajui huandikwa namba -9, na mtu mwenye haraka akikokotoa wastani bila kuziondoa namba hizo, atakuwa amevihesabia baadhi ya viwanda mauzo yaliyo chini ya sifuri. Aidha kila kampuni ina uzito wake wa sampuli, kwa kuwa kampuni kubwa zimehojiwa kwa wingi kuliko sehemu yake halisi katika uchumi. Atakayesahau kutumia uzito huo ataona Uganda yenye viwanda vikubwa vingi kuliko ilivyo. Hakuna kitu kwa Kiswahili, si maelezo wala hojaji, na kwa huduma inayohusu eneo letu lote hilo ni pungufu la kujitakia.

Tija yenyewe hupimwaje? Njia ya haraka ni kugawa mauzo kwa idadi ya wafanyakazi. Njia iliyo bora kidogo ni kutoa kwanza gharama ya malighafi na umeme, ili kibaki kile ambacho kiwanda kimeongeza chenyewe, halafu ndipo ugawe kwa wafanyakazi. Njia ya tatu huhusisha pia mtaji, na hapo mtafiti hukadiria ni kiasi gani cha mazao hakielezwi na wafanyakazi, mashine na malighafi kwa pamoja. Salio hilo ndilo huitwa tija ya jumla. Waendeshaji wa hifadhi wametoa faili lenye makadirio hayo tayari kwa viwanda, jambo ambalo nalipongeza, kwa sababu linampunguzia mtumiaji kazi ngumu na kumwezesha kulinganisha matokeo yake na yao. Sharti lake ni kwamba makadirio hayo yanahusu viwanda tu. Maduka, hoteli na wasafirishaji hawaulizwi habari za mashine na malighafi kwa namna hiyo.

Ukishafika hapo, tofauti hujitokeza. Muundo ulioonekana katika nchi nyingi zilizochunguzwa ni uleule: kampuni zenye umiliki wa nje, ambazo katika viashiria vya hifadhi huhesabiwa kuanzia asilimia 10 ya hisa, kwa kawaida huwa kubwa zaidi, hulipa mishahara mizuri zaidi, huwa na hesabu zilizokaguliwa na vyeti vya ubora vya kimataifa, na huzalisha zaidi kwa kila mfanyakazi, na kampuni zinazouza nje huwazidi majirani zake wasiouza nje kwa mambo hayohayo. Hifadhi inaonyesha haya yote kwa uwazi, na mtu anaweza kuyachambua kwa sekta au kwa mji. Hadi hapa naipa sifa zote.

Shida huanza pale mtu anapotaka kusema kwamba kuuza nje ndiko kulikokiinua kiwanda. Wachumi waliochunguza viwanda vya Marekani katika miaka ya 1990 waligundua kwamba viwanda vinavyouza nje vilikuwa bora hata kabla ya kuanza kuuza nje. Maelezo yake hayahitaji falsafa: kuuza nje kuna gharama za kuingilia, yaani cheti, maabara, wakala wa forodha, mnunuzi wa kutafutwa na mzigo wa kwanza ambao huenda ukakataliwa, na kiwanda kilicho legelege hakiwezi kuzibeba. Anayewatazama wauzaji nje leo na kuisifu biashara ya nje kwa ubora wao anafanana na shule inayopokea watoto wenye alama za juu tu, kisha ikajisifu kwa matokeo ya mtihani. Kwa Afrika, hata hivyo, ushahidi hauegemei upande huo peke yake. Uchunguzi wa viwanda vya nchi 9 za bara hili, Kenya na Tanzania zikiwemo, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba wauzaji nje walikuwa bora tangu mwanzo na pia waliendelea kuongeza tija baada ya kuingia kwenye masoko ya nje. Nchi yenye soko dogo la ndani humpa mwenye kiwanda nafasi ya kujaza mashine zake anapopata mnunuzi wa nje, na hilo peke yake hupandisha mazao kwa kila mfanyakazi bila fundi yeyote kujifunza jambo jipya.

Je, hifadhi inaweza kutenganisha mambo hayo kwa Uganda? Kwa sehemu. Swali la d8 linauliza ni mwaka gani kampuni ilianza kuuza nje, na ukiliweka kando ya mwaka wa kuanzishwa unaweza kutofautisha kampuni zilizozaliwa kwa ajili ya soko la nje na zile zilizokomaa ndani kwanza. Sioni watu wengi wakilitumia swali hili, na kwangu ni miongoni mwa maswali yenye thamani kubwa zaidi katika hojaji nzima. Vilevile baadhi ya kampuni zilizohojiwa mwaka 2006 zilihojiwa tena mwaka 2013, kwa hiyo mtu anaweza kufuatilia kampuni ileile kabla na baada. Lakini ukizigawa kampuni hizo kwa sekta, kisha ukatafuta zilizoanza kuuza nje katikati ya duru mbili, unabaki na kundi dogo kiasi kwamba kampuni moja ikikosea kutaja mauzo yake, hitimisho zima linageuka.

Hata kundi hilo lingekuwa kubwa, miaka yenyewe haikuwa ya kawaida. Duru ya 2006 ilifanyika Uganda ikiwa katika mgao mkali wa umeme, maji ya Ziwa Viktoria yakiwa yameshuka na mitambo ya Jinja ikizalisha chini ya uwezo wake. Duru ya 2013 inauliza habari za mwaka wa fedha uliotangulia, na Oktoba 2012 ndipo bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilipozinduliwa rasmi. Kiwanda cha mwekezaji wa nje chenye jenereta kubwa kiliumia kidogo mwaka 2006 kuliko kiwanda cha mzawa kisichokuwa nayo; umeme uliporudi, pengo lililopungua kati yao lilitokana na umeme, wala halikutokana na mzawa kumwiga mgeni. Katikati ya duru hizo mbili kuna pia mfumuko wa bei, ambao mwaka 2011 ulifikia takriban asilimia 30. Mauzo katika hifadhi yameandikwa kwa shilingi za wakati ule, na asiyezigeuza kuwa shilingi za thamani moja atavumbua ukuaji ambao haukuwapo. Miezi michache baada ya mahojiano ya 2013, Desemba mwaka huohuo, vita viliibuka Sudan Kusini na kuliharibu soko ambalo viwanda vingi vya Uganda vilikuwa vikilitegemea, kwa hiyo picha tuliyo nayo ya wauzaji nje ni ya muda ambao mambo yalikuwa mazuri isivyo kawaida.

Sasa nifike kwenye umiliki, maana hapa ndipo ninapoona hifadhi ikitatizwa zaidi na historia yetu. Hojaji inadhani kwamba kampuni ni ya mwenyeji au ya mgeni. Uganda ina viwanda vingi vilivyojengwa na familia zenye asili ya Asia zilizoishi hapa kwa vizazi, zikafukuzwa mwaka 1972 na kunyang'anywa mali, kisha nyingine zikarudi kuanzia miaka ya 1980, serikali ilipofungua mlango wa kuzirudishia mali hizo. Baadhi ya wenye viwanda hao walirudi na pasi za Uingereza au Kanada huku mtaji, mameneja na ujuzi wa soko vikiwa ni vya hapahapa. Wakihesabiwa kuwa wageni, tija yao itasomeka kama matunda ya uwekezaji kutoka nje; wakihesabiwa kuwa Waganda, mitandao yao ya kibiashara iliyotandaa hadi Mombasa, Dubai na Leicester itasomeka kama bidii ya mzawa asiyekuwa na mlango wa nje. Kuna na jambo jingine ambalo sijaona likitajwa na wanaotumia duru zote mbili: utaratibu wa kisheria wa uraia pacha ulianza kufanya kazi kwa sheria ya mwaka 2009, yaani katikati ya duru hizo. Mmiliki yuleyule, mwenye kiwanda kilekile, anaweza kuwa alijibu kuwa mgeni mwaka 2006 na Mganda mwaka 2013, na katika safu ya b2b ikaonekana kana kwamba mwekezaji wa nje ameuza hisa zake. Mtu anayefuatilia athari za mabadiliko ya umiliki kwa tija atakuwa anafuatilia athari za hati ya uraia.

Kwa upande wa uuzaji nje, hifadhi imefanya jambo la busara kwa kutenga sehemu tatu: mauzo ya ndani, mauzo ya nje ya moja kwa moja, na mauzo yanayopitia kwa mtu wa kati anayesafirisha. Kwenye karatasi hilo linatosha. Kwenye barabara ya kwenda Elegu, mpakani na Sudan Kusini, halitoshi. Mfanyabiashara kutoka Juba au Beni hununua sabuni, mafuta ya kupikia, unga na mabati kwa muuzaji wa jumla wa Kikuubo, soko la katikati ya Kampala, analipa taslimu, na mzigo unapakiwa usiku uleule. Kiwanda kilichotengeneza sabuni hiyo kinajua kimeuza Kampala. Meneja wake atamjibu mhoji kwa unyoofu kwamba mauzo yake yote ni ya ndani, ilhali sehemu kubwa ya sabuni hiyo inaogewa Kongo. UBOS na Benki Kuu ya Uganda wamekuwa wakifanya utafiti wa biashara isiyo rasmi ya mipakani kwa sababu hiyo hasa. Matokeo yake katika hifadhi ni kwamba kundi la wasiouza nje limechanganyika na wauzaji nje wasiojijua, na pengo la tija kati ya makundi mawili linaweza kuonekana dogo au kubwa kuliko lilivyo, kutegemea ni viwanda gani vinapendwa na wateja wa ng'ambo ya mpaka.

Kilimo kuachwa nje ni pigo pia. Mashamba ya maua yaliyo kandokando ya Ziwa Viktoria, ambayo mengi yana mtaji wa kigeni na soko lake ni Uholanzi, yangekuwa mfano safi kabisa wa umiliki wa nje na uuzaji nje katika kampuni moja, na hayamo.

Kahawa ni hadithi ndefu zaidi. Baada ya biashara yake kuachiwa sekta binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni zilizo chini ya makundi makubwa ya wafanyabiashara wa kahawa wa Ulaya na Asia zilichukua nafasi kubwa katika kukoboa, kupanga madaraja na kusafirisha. Kampuni ya namna hiyo huweza kumuuzia kampuni dada yake ng'ambo, na bei wanayoandikiana ni uamuzi wa ndani ya familia. Mauzo kwa kila mfanyakazi yakipanda, inawezekana ghala la Kampala limefanya kazi vizuri, na inawezekana pia mhasibu wa makao makuu ameamua faida ionekane Uganda mwaka huu. Hojaji haina njia ya kutofautisha mambo hayo, na sidhani kama hojaji ya saa moja ingeweza kuwa nayo.

Tatizo la bei lina sura nyingine inayonivutia zaidi, na ushahidi wake bora unatoka Misri. Katika mji wa Fowa, wachumi waliwapa baadhi ya wafumaji wa mazulia, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, nafasi ya kufuma kwa ajili ya wanunuzi wa nchi tajiri, na wengine wakaachwa waendelee na soko la kawaida. Waliopata nafasi hiyo waliongeza faida kwa asilimia 16 hadi 26. Lakini ukihesabu ukubwa wa zulia linalofumwa kwa saa, walikuwa wamepunguza kasi, kwa sababu zulia la mnunuzi wa nje linahitaji uangalifu. Ilikuwa mpaka ubora utiwe kwenye hesabu ndipo tija yao ilionekana kupanda. Kwa kuwa wafumaji walichaguliwa kwa kura, hakuna anayeweza kudai kwamba walikuwa bora tangu awali. Hilo ni somo kwa mtumiaji wa hifadhi hii, ambamo tunaona shilingi tu: hatuoni kilo, mita wala daraja la ubora, kwa hiyo kiwanda kinachoongeza ubora na kiwanda kinachopandisha bei kwa sababu hakina mshindani huonekana sawasawa.

Viwanda vya minofu ya sangara vinaonyesha namna mambo haya yanavyofungamana hapa kwetu. Mwaka 1999 samaki wa Ziwa Viktoria walipofungiwa soko la Umoja wa Ulaya kwa hofu ya uvuvi wa sumu, viwanda na serikali vililazimika kurekebisha ukaguzi, mialo, barafu na maabara, na soko liliporudi vilikuwa na taratibu ambazo mnunuzi wa ndani asingezidai kamwe. Nikitakiwa kutoa mfano mmoja wa Uganda wa kujifunza kwa kuuza nje, nitautoa huo. Na bado, sangara walipopungua ziwani kwa kuvuliwa kupita kiasi, viwanda hivyohivyo vyenye ujuzi uleule vikaendeshwa chini ya uwezo wake, na vingine vikafungwa; jeshi likapelekwa ziwani mwaka 2017 kukabiliana na uvuvi haramu. Mtafiti aliyepima mauzo kwa mfanyakazi katika miaka ya uhaba angesema tija imeporomoka. Ujuzi ulikuwa palepale. Samaki ndio hawakuwapo.

Kuna swali kubwa ambalo hifadhi hii haikuundwa kulijibu, nalo ni kama mgeni humwinua jirani yake. Uchunguzi wa viwanda vya Venezuela uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kuongezeka kwa wawekezaji wa nje kulipunguza tija ya viwanda vya wazawa katika sekta ileile, kwani mgeni aliwanyang'anya soko na kuwaachia mashine nusu tupu, ilhali uchunguzi wa Lithuania wa mwaka 2004 uliona wanaofaidika ni wale wanaomuuzia mgeni malighafi. Mfano wetu wa upande wa Lithuania upo: Nile Breweries, ikiwa chini ya mtaji wa kigeni, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutengeneza bia ya Eagle kwa mtama wa aina ya Epuripur, na wakulima wa mashariki na kaskazini wakapata mnunuzi wa uhakika. Bia hiyo iliingia sokoni kwa kupunguziwa ushuru kwa sababu ya kutumia mazao ya ndani, na ililengwa kwa mnywaji wa hapahapa. Katika hifadhi, kampuni ya namna hiyo ni mstari mmoja wenye umiliki wa nje na uuzaji nje usio na uzito, na wakulima wake hawaonekani popote.

Kinyume chake ni kiwanda cha nguo cha Tri-Star pale Bugolobi, kilicholetwa na mwekezaji wa kigeni kushona kwa ajili ya soko la Marekani chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kikisaidiwa na fedha za umma. Kilikuwa na umiliki wa nje na uuzaji nje kwa pamoja, yaani kila kitu ambacho nadharia inakihitaji. Wafanyakazi waligoma mwaka 2003 na wengi wakafukuzwa, na miaka michache baadaye kiwanda kikafungwa. Duru ya 2013 haiwezi kukihoji kiwanda kilichokufa, kwa hiyo wauzaji nje tunaowaona humo ni wale walionusurika, na wastani wao unapendeza kwa sababu hiyo pia. Uganda yenyewe ilitolewa kwenye AGOA kuanzia Januari 2024, kwa hiyo jaribio hilo halitarudiwa karibuni.

Mtu anaweza kuuliza kama kuna mahali pengine pa kwenda. Benki Kuu hufanya utafiti wa uwekezaji wa sekta binafsi, ambao una nguvu kwenye mtaji na madeni ya nje kuliko kwenye tija. Orodha za leseni za Mamlaka ya Uwekezaji zinaonyesha mtaji ambao mwekezaji amepanga kuleta, na mpango na kiwanda ni vitu viwili. Kumbukumbu za kodi na forodha, zikiunganishwa kwa namba ya mlipa kodi, zingekuwa bora kuliko vyote hivi, kwa kuwa zinagusa kila kampuni iliyosajiliwa kwa kila mwaka, ila si kitu cha kupakua nyumbani.

Kwa hiyo naipa huduma hii nyota 3 na nusu kati ya 5. Mwandishi wa habari anayetaka kujua kampuni za nje zinatofautiana vipi na za wazawa katika umeme, rushwa, vyeti na siku za kusubiri forodhani atapata anachotaka kwa jioni moja, na atakipata kwa ubora. Afisa wa mikopo ataona viwango vya kulinganisha mteja wake navyo, ingawa lazima avipandishe kwa shilingi za leo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayepanga kuandika kwamba uuzaji nje unaongeza tija Uganda namshauri apunguze madai: aoanishe d8 na mwaka wa kuanzishwa, aziondoe kampuni ambazo umiliki wake ulibadilika bila mauzo wala mtaji kubadilika, na aongeze Kenya ya 2018 na Rwanda ya 2019 ili apate idadi inayoweza kubeba swali. Kabla ya yote hayo asome maelezo ya sampuli yaliyowekwa pamoja na faili, kwa kuwa ndimo mlimoandikwa ni miji gani iliyofikiwa. Kampala, Jinja, Mbale, Mbarara na Lira zimo. Anayetaka kuandika juu ya saruji ya Kasese au biashara ya Busia ajue mapema kwamba anahitaji takwimu nyingine.